Paa Kwanza, Kuta Baadaye

Mwalimu wangu wa michoro ya kiufundi alinichukia, nami nikamchukia, na katika somo hilo la kuchukiana sote wawili tulipata alama mia kwa mia. Nina umri wa kutosha kusamehe sasa. Sijasamehe.

Shule ilikuwa ya jioni, Mbarara, upande wa Ruharo: chumba kimoja chenye madawati ya watoto wa msingi, ambamo sisi watu wazima tulikunja magoti mpaka yakaziba masikio. Mchana nilipiga randa kwenye karakana ya useremala ya jirani, na saa kumi na moja nilipangusa vumbi nikaenda kujifunza kuchora vitu ambavyo nilikuwa navijenga tangu utoto bila kuchora. Jumamosi nilirudi kwa mama, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilitaka kitu kimoja tu: cheti chenye somo la michoro ndani yake. Fundi mwenye cheti hupewa ramani asome, na fundi asiye nacho hupewa mchanga achekeche. Mchanga niliochekecha mimi ungelifukia ziwa la Nakivale na kilima kikabaki juu yake.

Ili uruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho, jalada lako la michoro kumi na miwili lilipaswa kuwa na sahihi ya mwalimu. Hakuna sahihi, hakuna mtihani.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa zamani, mwenye shingo kama nguzo ya geti. Kiingereza alikitumia kufundishia, Kinyankore kusalimia wakubwa, na Kiswahili alikihifadhi kwa matusi. Kwa hiyo mimi Mkongo ndiye niliyemwelewa kuliko darasa zima.

Ugomvi ulianza na mchoro wa nyumba. Yeye alitaka msingi, kisha kuta, kisha paa. Mimi nikaanza juu ya karatasi, nikachora paa, nikateremka.

Nieleze. Tulipofika Nakivale kutoka Kivu ya Kusini tulipewa shitingi, lile turubai la plastiki, mita nne kwa tano, na hilo ndilo lilikuwa paa letu, hakuna la pili. Mama aliitandaza kwenye majani. Akapima kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kutoka kila ukingo kuingia ndani, akachomeka kijiti. Vijiti vilipokwisha, hapo ndipo tulipojua kuta zitasimama fasi gani. Nilimwuliza mbona hatuanzi na kuta kama watu wengine. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunakula kwa mdomo.

"Ukuta utaongeza kesho, udongo iko mingi," akasema. "Shitingi utaiongeza na nini? Na lulimi yako?"

Ule mkono mmoja wa ziada ulikuwa wa mvua. Paa lisipouzidi ukuta kwa mkono mmoja, mvua ya wilaya yetu ya Isingiro inaingia ndani, inakaa kitako na inaomba chai.

Mwalimu hakutaka kusikia hayo. Aliinua karatasi yangu darasa zima likaona.

"Wewe Mukongo! Nani naanza nyumba juu? Wewe ni ndege?"

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kwenda shule, hata ya jioni.

"Hata ndege anaanza chini, mwalimu."

"Basi ndege nakushinda!" Akaichana karatasi vipande vinne, kwa rula, vikiwa sawasawa. Huo ndio ulikuwa ufundi wake mkubwa kuliko yote niliyoyaona.

Nilichora upya usiku huohuo. Nilianza tena na paa, kwa mistari myembamba kama unywele, nikachora msingi na kuta, kisha nikafuta alama za kwanza. Kesho yake aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akakuta mikwaruzo ya penseli.

"Paa ilikuja kwanza. Naona. Siku wewe taanza chini, mimi tasaini."

Jirani yangu wa dawati alikuwa fundi wa redio wa pale sokoni, mwanamke mtulivu niliyemwita dada, mtu pekee aliyeniazima ufutio. "Kaka, anza chini tu," alininong'oneza. "Utakufa?"

"Nitakufa," nikamjibu, na nilikuwa namaanisha.

Kisha mwalimu akabuni stoo. Darasa lijenge kibanda cha matofali nyuma ya shule, cha kuhifadhia mbao za kuchorea na majalada yetu. Mabati yalikuwa yameshaletwa, ya mita tatu. Ramani ilionyesha paa la mteremko mmoja, kibanda cha mita mbili na sentimita themanini kutoka mbele hadi nyuma, na ukuta wa mbele ukiupita wa nyuma kwa sentimita themanini. Nilipiga hesabu kwenye kiganja. Mteremko ungemeza karibu bati lote. Zilibaki sentimita zisizofika tisa, za kugawana mbele na nyuma. Tisa! Hata kofia ya mama inazidi hapo.

Nikainua mkono. "Mwalimu, paa litakuwa fupi."

"Kaa chini. Mambo ya shitingi peleka Nakivale."

Nikakaa. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, maana ningeweza kusema tena. Ningeweza kumwambia mkuu wa shule, au walau dada. Badala yake niligongelea yale mabati kwa mkono wangu mwenyewe, nikipiga mluzi, kisha nikaisubiri mvua kama bwana harusi anavyomsubiri bibi harusi aliyechelewa.

Ilikuja Jumatatu mchana, wiki ya mwisho ya sahihi. Ilivuma kutoka mbele, ikapita kati ya ukuta na bati. Saa kumi na moja tulipofungua stoo, majalada kwenye rafu yalikuwa yamevimba kama maandazi, yameshikana kwa tope la matofali.

Nilicheka. Nilikuwa wa kwanza, tena nadhani walinisikia mpaka Ngarama, kule jirani na kambi yetu. Kisha nikamwona dada akijaribu kubandua michoro yake, yote kumi na miwili, iliyokuwa tayari ikingoja sahihi tu. Ilichanika pamoja kama mkate uliolowa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilimwambia mwalimu."

"Mimi uliniambia?"

Nikainama nikaanza kubandua jalada langu, nalo likachanika vilevile.

Mwalimu alisimama mlangoni akitazama kile kipande cha mbingu kilichoonekana juu ya ukuta. Hakunitazama. "Ijumaa ni Ijumaa," akasema. "Nani hana michoro, hana mtihani."

Tukachora kwa siku nne. Dada alichorea kwenye kibanda chake, katikati ya redio zilizofunuliwa matumbo, na ufutio hakuniazima tena. Mimi nilichorea juu ya meza ya kupigia randa. Nyumba niliiacha mpaka Alhamisi. Ningeweza kuanza chini. Ingekuwa mistari minne tu, na cheti kingekuwa changu. Nikaanza na paa. Tena safari hii nilikandamiza penseli, kipofu angepapasa akajua kilichotangulia.

Ijumaa mwalimu aliinua mchoro kwenye mwanga wa dirisha. Alikaa nao muda ambao ningejenga kanisa. Kisha akachukua kalamu, akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Toka."

"Asante, mwalimu."

"Mimi nasema toka!"

Nilifaulu mtihani. Dada alinipita alama, na tangu siku hiyo ananipita pia barabarani kama ninavyopita nguzo ya umeme. Huyo ana haki.

Miaka kadhaa baadaye nilipita Ruharo nikiwa na ramani ya nyumba ya watu chini ya kwapa. Mbele ya ile stoo kilikuwa kimeongezwa kipande cha bati, misumari imekwenda upogo. Mkono ule wa nyundo niliujua, ulikuwa wa mwalimu. Mwalimu alikuwa ndani anafundisha, sauti yake ilifika barabarani. Sikuingia kusalimia. Nilijinyoosha tu, nikaweka kiwiko ukutani, nikapima lile ongezeko. Lilipungua vidole vitatu kufika mkono mmoja wa mama.

Nilitembea nikitabasamu mpaka stendi, nikitazama mawingu.