Udongo Uliokunjwa Ukiwa Mbichi

Nakumbuka siku niliyomcheka shangazi yangu akiwa amepiga magoti kwenye tope, na mpaka leo namshukuru kwamba hakunisusa. Mwanangu, nisikilize kabla hujachimba huo msingi wako bondeni.

Nilikuwa nikifyatua matofali kando ya mto, hapa hapa Bwera. Na mama yako tulikuwa tumeshaoana, nyumba hatuna. Bonde lilikuwa tambarare, maji karibu, matofali yanakauka palepale. Nikaona ni ujinga kuyapandisha kilimani. Kijana ana akili, ila mara nyingi mabega yake ndiyo humshauri.

Shangazi alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Butembo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, naye alikuwa mfinyanzi. Alikuja kuchukua udongo, akanikuta nimeshapiga kamba za msingi. Akateremka kwenye shimo langu la udongo, akapiga magoti kwenye tope, akakwangua ukuta wake kwa panga mpaka ukawa laini, akaniita.

"Inama uone."

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami sikupenda kuinama. Nikainama nikinung'unika. Chini, matabaka ya mchanga na udongo yalilala sawasawa kama mikeka. Juu vilevile. Katikati palikuwa na tabaka moja, unene wake kama shubiri, limejikunjakunja, na mchanga umepenya kwenda juu ndani ya udongo kama uji unaochemka.

"Ni mizizi tu," nikasema huku nacheka.

"Mizizi iko wapi? Hii ilikunjwa wakati iko mubichi. Inchi ilitetemeka, mutoto yangu, zamani sana, mbele ya babu zetu kuzaliwa. Kisha maji ikaleta udongo ingine, ikafunika. Hata ngambo ya mto mukunjo iko vile vile, niliona na macho yangu. Udongo ya maji ikitikiswa inakuwa uji. Sasa utalalisha muke yako juu ya uji?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kupandisha matofali, si kwa kumwamini, bali kwa kumheshimu.

Mwaka uleule ardhi ilitetemeka, mchana kweupe. Nyumba yetu huku kilimani ilipata ufa mmoja juu ya dirisha, ndio huo unaouona tangu utoto. Nikashuka mbio bondeni. Pale nilipokuwa nimepiga kamba, ardhi ilikuwa imepasuka, mchanga na maji vinatoka kwenye nyufa, na matofali niliyoyaacha yamezama nusu. Nikaketi chini nikalia. Mama yako alikuwa na mimba, na mimba hiyo ndiyo wewe.

Kumshukuru shangazi kwa maneno sikuweza. Nilimbebea udongo wake kwa mabega haya haya mpaka mikono yake iliposhindwa kufinyanga. Hata sasa naona sikumaliza.

Nyumba njema si mlango, mwanangu, na kiwanja kizuri si utambarare wake. Chimba shimo kwanza, kwangua ukuta wake, utazame nchi ilifanya nini kabla yako, maana ilichofanya jana yaweza kukifanya tena kesho. Na mkubwa akikuambia uiname, inama, hata kama huelewi bado.

Kesho asubuhi tutashuka pamoja, panga nitalibeba mimi. Mungu akupe ardhi ngumu chini ya kitanda cha watoto wako, na asikunyime kamwe mtu wa kukuambia: inama uone.