Waliposugua Birika

Nililichukia birika lile tangu mwezi wa kwanza nilipofika Ibra, Omani. Si birika la chai nisemalo. Ni tangi la kujengwa chini, refu kama chumba, lililokuwa shambani kwa wakwe zangu, hatua kumi kutoka dirisha langu. Maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, yakiingia humo yakingojea zamu ya kumwagilia mitende. Na yakingojea, mbu wakizaa. Ukichota kikombe asubuhi, viluwiluwi vinacheza ngoma ndani yake, na watu wanachuja kwa kitambaa wanakunywa, wanasema alhamdulillahi.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwezi wa nne kwa homa ya mbu wale. Wanawake walikuja kunipa pole, wakanywa kahawa, wakasema kudra. Kudra naikubali, mie Muislamu. Lakini mbu nimewaona kwa macho yangu, na birika liko pale pale, na hakuna aliyelitizama hata mara moja. Mume wangu alikuwa kazini Maskati, anakuja Alhamisi moja na moja anaikosa. Nilipomwambia, alisema, "Sasa unataka nifanye nini, nilifukie?" Nilitamani kumtia yeye ndani yake.

Dawa niliipata kwenye wadi, bonde la mto mkavu tulikokwenda kufua. Kulikuwa na vidimbwi viwili vya maji yaliyotuama, jirani kabisa. Kimoja kimejaa viluwiluwi. Cha pili hakina hata kimoja, kina visamaki, vile vya urefu wa kidole ambavyo ukitia mguu huja kukutekenya. Nikasimama na nguo mkononi nikatizama. Hapana haja ya kusomea.

Nikavua visamaki thalathini hivi kwa mtandio, nikavitia kwenye ndoo, nikavimwaga birikani. Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliniona. Yeye alikaa Unguja ujana wake wote, tukisema Kiswahili sie wawili tu mle nyumbani. Akaniuliza, "Unafuga kitoweo?" Nikamwambia, "Nafuga." Akacheka, akaenda zake.

Mwaka wa kwanza nilifanya ujinga. Ilikuwa majira ya baridi, na mie nilijua samaki wa mito ya kwetu Unguja, ambao huzaa mvua zikianza. Basi nikawa nangoja mvua. Ibra, kungoja mvua! Ilipokuja, ilikuja siku moja, wadi likashuka na tope, falaji likaleta tope lile mpaka birikani, na nusu ya visamaki vyangu vikaelea tumbo juu. Kitoto hata kimoja sikukiona. Vilivyosalia vikala vilivyoweza, lakini birika kubwa, vyenyewe kumi na tano, mbu wakashinda.

Nikarudi wadini, safari hii kutizama, si kufua tu. Nilikaa juu ya jiwe mpaka wenzangu wakasema mke wa fulani kapandwa na shetani. Nikaona kwamba mvua si kitu kwao. Kitu chao ni joto la maji. Baridi ikikatika, wakati ule watu wanapokwea mitende kuitia unga wa maua ya dume, madume ya visamaki yanabadilika rangi, yanafukuzana. Na hayafukuzani popote. Yanakwenda pembeni, maji ya shubiri moja, jua linapofika, kwenye mawe yenye nyuzi za kijani. Humo ndimo majike yanamotaga, mayai madogo kuliko sago, yamenata kwenye nyuzi. Maji yakipungua siku mbili, mayai yanakauka. Yakiingia tope, yanafunikwa. Na birika letu lilikuwa na kuta zilizosimama wima, halina pembeni, halina jiwe, halina kijani. Samaki wangezaa wapi, hewani?

Nikalijengea pembe. Tundu la kutolea maji lilikuwa shubiri tatu juu ya sakafu, kwa hiyo hata zamu ikipita, maji ya chini hubaki. Nikapanga mawe ya wadi chini ya kimo hicho, upande wa jua, nikayaleta na kijani chake. Kila siku nilikwenda kuyatizama kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Na nilikuwa na sababu. Mwezi ule nilikuwa nimekosa damu mara ya pili.

Sikumwambia mtu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, mimba haisemwi mpaka ijiseme yenyewe, watu wana macho. Ya kwanza niliitangaza mapema na nikaona yaliyonipata. Safari hii hata mume wangu sikumwambia. Nikafunga mdomo, nikavaa kanzu pana, nikahesabu: homa huja joto likikolea, visamaki vikianguliwa sasa, vitakuwa mamia kabla ya wakati huo.

Mayai yakatokea. Niliinama nikayaona, kwenye mawe yangu, yamenata, safi, na baadhi yana kidoti cheusi cha jicho. Wallahi nililia kwa furaha, mtu mzima, peke yangu, juu ya mayai ya samaki.

Siku ya tatu yake tulialikwa khitima, tukashinda huko. Nilirudi alasiri, na kabla sijafika nikasikia harufu ya chokaa mbichi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa shamba na maji. Alikuwa ndani ya birika, kanzu kaifunga kiunoni, anasugua kuta kwa mchanga na makuti. Maji yote kayachota kwa ndoo mpaka tone la mwisho. Visamaki kavimwaga mitendeni, kuku walikuwa wanamaliza. Mawe yangu yamerundikwa juani, nyuzi za kijani zimegeuka kahawia, na mayai, ukiyagusa, yanatoka kama unga.

Kwa desturi yetu mke hasimami akasemezana na kaka mkubwa wa mumewe. Hupeleka neno kupitia kwa mavyaa. Siku ile nilisimama. Kiarabu changu kilikuwa kibovu, nikamtukana kwa Kiswahili, na sikubakisha. Nilimwita mjinga, nilimwita muuaji. Yeye akasimama na kuti lake mkononi, akanitizama. Kisha akainama akaendelea kusugua, na hilo likanizidishia hasira.

Birika likajaa maji mapya, meupe, mazuri ya kupigia picha. Wiki haikuisha, viluwiluwi vikarudi, na sasa hakuna hata mdomo mmoja wa kuvila. Nikaenda wadini kuvua tena, lakini joto lilikuwa limeshakausha vidimbwi, na nilivyovipata vichache havikutaga. Wakati wao ulikuwa umepita. Nililala na chandarua, nikafukiza ubani, nikajipaka mafuta ya taa mpaka ngozi ikababuka. Homa ikanikuta mwezi wa tano wa mimba. Siku ya nne ya homa nikazaa mtoto wa kike asiyelia.

Mavyaa alinikanda kwa maji ya moto siku saba. Siku ya saba nikamwambia, "Mwanao kaniulia mtoto." Nilitaka imuume.

Akakamua kitambaa. Kisha akasema, "Mie ndiye niliyemtuma. Nilikuona una kichefuchefu, nikajua. Nikamwambia shemeji yako, mke wa mdogo wako ana mimba na yale maji yameota kijani, yamekuwa machafu, lisafishe birika asiugue. Alifanya kazi ile peke yake, hakutaka kumwita mtu, ili habari yako isitoke nje."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Nawe mbona hukusema?"

Nikageukia ukuta. Nilikuwa na hasira naye, na shemeji, na mume wangu wa Alhamisi, na nafsi yangu iliyofunga mdomo kwa kuogopa macho ya watu. Nilikuwa nazo za kutosha kila mmoja.

Siku ya arubaini yangu shemeji alikuja mpaka mlangoni. Hakuingia, hakuinua uso. Alipiga hodi, akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, nadhani alikuwa amefundishwa na mama yake maneno yale moja moja, "Ukhti, samaki wanataga mwezi gani?"

Nilimsikia vizuri. Alingoja pale, akauliza tena, akangoja. Sikumjibu.