Mlango wa Binti Yetu, Nateete

Mume wangu akimwonyesha mtu chumba cha kupanga, huanza na kasoro. Humwambia kwamba jioni dirisha linapigwa na jua mpaka pazia linapauka, kwamba bomba la uani hulia ukilifungua, na kwamba nyuma ya ukuta kuna kanisa ambalo kwaya yake ina watu wengi wenye nguvu na wachache wenye sauti. Mazuri ya chumba hayataji kabisa, maana anasema mtu ana macho yake. Madalali wa Nateete, mtaa wa Kampala vilipo vyumba vyetu, walishamkimbia. Mmoja aliniambia, akianza na heshima ya Kiganda ya kumwita mwanamke, "Nyabo, huyu bwana anapangisha kama mtu hataki mpangaji."

Lakini vyumba vyetu havikai vitupu. Watu huondoka wakicheka, huzunguka mtaa mzima wakidanganywa, halafu hurudi.

Sisi ni watatu nyumbani, na wote watatu tuna usonji. Binti yetu ndiye aliyepimwa kwanza, akiwa bado shule ya msingi. Daktari aliuliza kama mtoto anachukia lebo za nguo shingoni, kama anakataa vyakula vilivyogusana kwenye sahani, na mume wangu akawa anajibu kwa niaba yake mwenyewe. "Ndiyo, tangu utotoni. Hapana, siwezi kabisa." Daktari akaweka kalamu chini, akatutazama mmoja mmoja. Shemeji yangu aliposikia habari hizo alisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nikamwambia basi leo amekuja kula chakula cha nyoka, na akile kimya kimya. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata, maana miaka yote nilidhani mimi ni mtu mbaya tu.

Kazi za ofisini zilikuwa zimetushinda. Mume wangu, Mnubi wa Uganda aliyekulia mji wa Bombo, alikuwa na tabia ya kuwasahihisha wakubwa wake mbele za watu. Mimi, Mkenya niliyeletwa Kampala na kazi ya uhasibu, nilikuwa nikijifungia chooni kulia kwa sababu taa za ofisi zilivuma na hakuna mwingine aliyezisikia. Kiswahili ndicho kilichotuoza, na nyumba za kupanga ndizo zilizotuokoa. Tulipata kiwanja Nateete, tukajenga vyumba katika mstari mmoja, polepole, haba na haba. Ukuta haukuulizi mbona huutazami usoni, na ukiuambia ukweli haununi.

Ila sababu kubwa ilikuwa binti. Mzazi mwenye mtoto kama wetu ana swali linalomtafuna kila akilala: sisi tukiondoka duniani, huyu ataishi wapi, na nani? Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwa kompyuta, anaandika yale maneno yanayopita chini ya video. Mwaka jana, akiwa anakunja nguo nyumbani kwetu Ntinda, upande mwingine wa jiji, alisema bila kugeuka, "Nataka chumba cha pili kule Nateete. Niko tayari. Lakini Afande asihame."

Afande ni mpangaji wa chumba cha tatu. Wenzake humwita hivyo kwa kuwa ni polisi mstaafu, mwanamke mjane aliyeishi kambini karibu maisha yake yote, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Viatu vyake hukaa mlangoni vikitazama nje. Binti yetu alimpenda siku ya kwanza alipoona vikombe rafuni, mikono yote imeelekea upande mmoja. Afande naye hakumwuliza kitu. Wakawa wanakunywa chai pamoja bila mazungumzo, na binti anarudi kwetu amechangamka kama katoka arusini. Nje ya familia, hakuna mtu mwingine ambaye binti anaweza kukaa naye hivyo. Kwa hiyo Afande akihama, na mpango wa kujitegemea umehama.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa mvua. Vyumba havikuwa na dari, na mvua ya Kampala ikishuka juu ya mabati mimi huziba masikio na binti huingia chini ya meza. Tukakubaliana kuweka dari, si katika chumba chake tu bali katika vyumba vyote, kwani kelele inayotuumiza sisi hata wapangaji hawaisherehekei. Nilitaka tuwaambie. Mume wangu akakataa katakata. Kwake yeye, kutangaza jambo ambalo hujalifanya ni uongo mdogo. "Waambiwe dari ikiwapo," alisema. Nikamwelewa kabisa, na hapo ndipo ujue sisi ni watu gani.

Basi Jumamosi kadhaa tukawa tunakwenda kupima. Tulibisha hodi, tukafunguliwa, tukaingia watatu na viziba masikio vya mafundi kichwani. Mume wangu alishika tepu upande mmoja, mimi upande wa pili, binti akisoma vipimo kwa kunong'ona. Sasa, hapa Kampala mtu hasalimiwi kwa neno moja. Utaulizwa umelalaje, wa nyumbani wakoje, mvua huko kwenu vipi, kisha utashukuriwa kwa kazi hata kama umeamka sasa hivi na hujagusa kitu. Mimi nikianza salamu, kipimo kinanitoka kichwani. Kwa hiyo hatukusalimia. Tulipima, tukatikisa vichwa, tukaenda zetu. Moyoni tuliona hiyo ndiyo adabu yenyewe, maana hatukumsumbua mtu.

Jumamosi moja tukakuta pikapu langoni, imejaa. Nilikitambua kiti cha Afande kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa amesimama kando, amevaa koti, anamwelekeza dereva namna ya kufunga kamba.

"Afande, unakwenda wapi?" nikauliza.

"Nyabo, mimi sio mtoto," akasema. "Polisi nimefanya miaka mingi, watu naona. Mwenye nyumba anakuja na tepu, hasalimii mtu, anapima kwangu, anapima kwa jirani, anaenda. Hiyo iko nini? Plot imeuzwa. Mimi siwezi ngoja tingatinga ikute mimi kitandani. Natoka na heshima yangu."

Milango mingine ilifunguka kidogo, vichwa vikachungulia. Kumbe wote walikuwa wakiwaza hivyo hivyo, na wengine walishaanza kutafuta vyumba.

Nilitaka kujibu, maneno yakanitoroka. Hunitokea nikiogopa: mdomo upo, sauti haipo. Nilimtazama binti yangu, nikaona amekunja vidole vyote, na nikaogopa zaidi. Mume wangu akajitolea kuokoa jahazi. "Milimita tisa zingetosha," alimwambia Afande, "lakini nimeamua kumi na mbili, zinazuia sauti vizuri zaidi." Afande akamtazama kama mshukiwa aliyechanganya maelezo yake.

Binti akapanda pikapu.

Alifungua kamba, akashusha kiti, akakibeba kuingia nacho chumba cha tatu. Dereva akapiga kelele. Afande akainua mkono: "Wacha yeye." Binti akarudi, akachukua jiko, kisha sanduku la nguo, kisha vikombe vilivyofungwa katika gazeti. Nilipomsogelea nimsaidie, alisema, "Mama, wewe utakosea." Nikasimama. Alibeba vyote peke yake, jasho linamtiririka, na sisi wengine tukabaki uani kama wageni waliofika mapema. Kwa godoro tu ndipo alipomkubali baba yake, naye kwa maelekezo makali.

Alipomaliza alikuja akasimama mbele ya Afande, akitazama vifungo vya koti.

"Ni dari," alisema. "Tunaweka dari, mvua isipige kelele. Hatujauza. Nitahamia chumba cha pili. Nitaogopa mvua kidogo. Wewe usipokuwepo nitaogopa sana."

Afande aliingia chumbani kwake, na mimi nikamfuata hadi mlangoni. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kidogo kuelekea dirishani, jiko chini ya rafu, vikombe mikono yote upande mmoja, pazia limekunjwa upande wa kulia na kubanwa kwa pini. Hata picha ya marehemu mumewe ilikuwa ukutani, imepinda.

"Na hii?" Afande akaigusa picha. "Hii pia umekumbuka?"

"Imepinda kushoto," alisema binti. "Inaniudhi tangu zamani. Lakini ni yako."

Afande akaketi kitandani akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Nikalia na mimi. Sijui kulia kwa staha, huwa natoa sauti. Alipojifuta uso alisimama na kutoa amri kwamba sasa hivi, watu wote watatu, tupite mlango hadi mlango tukasalimie. Alitutangulia. Mume wangu alisimama mlango wa kwanza, akavuta pumzi, akasema, "Habari za asubuhi. Mmelalaje? Dari inakuja. Kasoro yake ni vumbi." Wapangaji walimcheka, naye hakuelewa kwa nini, lakini kufikia mlango wa mwisho alikuwa amezoea, hata akauliza habari za watoto.

Dari zikawekwa, rangi ikakauka, na binti akahama. Tulimsaidia kupanga vitu, tukaambiwa imetosha, tukarudi Ntinda. Jioni ile nilikuwa nasonga ugali simu ikalia. Ni Afande.

"Nyabo, mtoto yako amefukuza mimi."

Niliuacha mwiko sufuriani. "Amefanya nini?"

"Nimeenda na chai. Tumekunywa vizuri. Nimekaa kidogo, akasema, Afande, nimechoka, sasa nenda kwako. Akafunga mlango. Hii ya pili, ya chuma, nayo akafunga."

"Pole sana, Afande. Hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo..."

"Pole ya nini? Mimi nacheka hapa. Kesho narudi na chai."

Maisha yake yote binti yetu ndiye aliyekuwa akitoka. Katika arusi za jamaa alitoka, katika sebule za shangazi zake alitoka, akatungoja garini na vioo vimefungwa hadi sisi tumalize kuaga. Jioni ile aliyetakiwa kuondoka alikuwa mwingine, kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Nilimweleza mume wangu hayo huku nimeegemea ukuta, nalia kwa furaha, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaepua ugali uliokuwa umeanza kuungua.