Mkono wa Mama wa Simenti

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka hata sasa viganja vyangu vinatoka jasho. Keti. Hadithi hii siwezi kuisimulia mbiombio.

Miaka ile ya waasi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Butembo. Mbele ya madarasa, mahali pa wazi panapoonekana toka barabarani, tulikuwa tumesimamisha sanamu: mama wa simenti, mrefu kuliko mlango, kikapu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba mihogo toka Kalunguta. Mkono wa kulia aliunyoosha mbele, kama anayemwonyesha mtoto njia. Aliyemtengeneza ni Papa Paluku, mzee wa mtaa wetu aliyejenga makaburi. Tulimpenda yule mama kuliko tulivyopenda masomo, nakwambia kweli.

Waasi walipofika wakaweka kambi kwenye kilima cha ng'ambo, na kidole cha mama kikawa kinaelekea huko huko. Sanamu ilitangulia, kambi ikafuata. Lakini mwenye bunduki haulizi nani alitangulia, na kwetu kumnyooshea mtu kidole si jambo dogo.

Asubuhi moja kamanda wao akaja chuoni na askari. Wakamkamata Mumbere, kiongozi wetu wa wanafunzi, wakampigisha magoti chini ya sanamu, mkono wake juu ya jiwe. Askari mmoja akasimama kando yake na panga.

"Huyu mama anaonyesha adui kambi yangu," kamanda akasema. "Donc leo mukono moja itaanguka. Ya sanamu ao ya huyu kijana. Muchague."

Ungedhani tulichagua upesi. Wapi! Tulishikana mikono tukaizunguka sanamu, mimi mbele kabisa, tukipaza sauti kwamba haitaguswa, liwalo na liwe. Mumbere naye akapiga kelele, "Hapana muguse mama! Bakate yangu!" Midomo ilikuwa imemkauka. Tulikuwa na umri ule ambao mtu huona kifo ni habari ya jirani.

Mtu alikuwa amekimbia kumwita Papa Paluku. Akaja na ngazi, nyundo na tindo. Nikamzibia njia.

"Papa, hapana fanya vile," nikamwambia. "Ukikata ile mukono, kesho bataomba kichwa."

"Basi kesho nitakata na kichwa," akajibu, akaniita kwa jina langu. "Masika, mukono ya simenti nitatengeneza ingine. Ya Mumbere nitatengeneza na nini? Mais wewe, ndiye utaenda kuambia mama yake? Toka."

Nikatoka. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Mzee akapanda, akaanza kugonga, na kila pigo mimi nilitazama panga. Kamanda alicheka muda wote. Mkono wa simenti ulipoanguka akaupiga teke, akawaita askari wake, wakaenda. Mumbere alibaki na mkono wake juu ya jiwe, ameshindwa kuusogeza, mpaka Papa Paluku alipoteremka akauinua kwa mikono yake miwili.

Waasi walipohama tulimpelekea mzee simenti. Akaikataa. "Muache vile. Benye batakuja nyuma bataulizia." Na kweli wanauliza, kila mwaka, wanafunzi wapya, nasi tunawasimulia.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile niliuona usemi huo ni wa watu dhaifu, na hata leo haunikai vizuri rohoni. Papa Paluku hakuwa mwoga. Alipita katikati ya bunduki na ngazi begani, wala hakumtazama kamanda usoni. Mwanangu, sikuambii uogope. Nakuambia hivi: kabla hujapaza sauti kutetea kitu, hata kiwe kizuri namna gani, angalia kwanza mkono wa nani uko juu ya jiwe. Kitu kinachoweza kutengenezwa tena, kiache kivunjike. Mtu hatengenezwi tena.

Juzi nilimkuta Mumbere nje ya kanisa amempakata mjukuu wake, mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya miguu, mtoto amelala fofofo. Mungu akulinde, mwanangu. Akupe marafiki watakaouonea uchungu mkono wako kuliko sanamu yao, nawe akufanye rafiki wa namna hiyo.