Hakuna, Mwezi

Leodgar wa Kagunga hana cheti cha maana, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna ndoo ya dagaa iliyoshuka kwenye mwalo wa kwao, ufukwe wa kushushia samaki, asiiandike. Kila wiki ukurasa mmoja. Wiki ya mbalamwezi wavuvi hulala nyumbani, maana taa zao za kuvutia dagaa hazifui dafu mbele ya mwezi, basi ukurasa wa wiki hiyo aliandika maneno mawili tu: "Hakuna, mwezi." Madaftari aliyapeleka Kigoma mjini, kwenye taasisi ya utafiti iliyompa kazi hiyo.

Mwaka huu taasisi ikamwita kwenye sherehe. Kisa, makala yao kuhusu dagaa wa Kagunga imenukuliwa na wanasayansi wenzao mara mia tatu kumi na mbili, nao wamepanda chati. Mchoro ulibandikwa ukutani. Leodgar akausogelea: miezi yote saba ya mchoro, samaki sifuri. Msomi fulani, Mswahili wa kuzaliwa, alikuta mwezi wa angani akaufanya mwezi wa kalenda, akasoma kwamba mwezi mzima hakuna samaki. Na kwa makala hiyo hiyo, wiki iliyofuata kilipangwa kikao huko kwao cha kuamua kama mwalo wa Kagunga ufungwe.

Akamfuata mkuu wa taasisi, Dokta Melania, akamfunulia daftari mojawapo kutoka rafu ya taasisi.

"Huu ni mwezi wa juu, Daktari. Samaki wapo."

Melania alisoma, akautazama mchoro. Alielewa, na hilo ndilo linaloudhi.

"Mzee wangu, tuyaongee taratibu. Wafadhili wetu wanahesabu nukuu. Tukiifuta hii, tumebaki na nini? Makala ijayo tutaweka na jina lako."

"Mmenukuliwa mara mia tatu kumi na mbili," Leodgar alisema, "na mimi niliyeandika sijaulizwa hata mara moja."

Kuuliza si ujinga, lakini kwa watu hawa kumuuliza mtu wa mwaloni ni kujishusha. Leodgar alichukua madaftari yake akapanda boti kurudi kwao.

Siku ya kikao alisimama akayasoma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka sauti ikamkauka. Mwenyekiti, mgeni kutoka mjini mwenye ile makala mezani, alimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akauliza:

"Na haya madaftari yako, Mzee, yamenukuliwa mara ngapi?"

Mwalo ulifungwa siku hiyo hiyo, dagaa wakiwa wameanikwa ufukwe mzima.