Goti Langu Lililopasuliwa

Msomaji, apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Basi sikiliza, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kunyamaza. Wiki iliyopita sikuandika kwa sababu nilipasuliwa jipu, na jipu lenyewe lilikuwa takoni.

Ningesemaje? Mwaka jana mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, alipata jipu mahali pale pale, nami nikalitangaza hadi mnadani Shelui. Kwa hiyo safari hii nilifunga bendeji gotini, nikajilaza ubavu, nikasema goti ndilo lililopasuliwa.

Kwetu mtu hakupi pole mpaka akione kidonda. Wanawake wakajaa nyumbani na vikapu vya unga wa uwele, mkwe akiwa mbele.

"Tuonyeshe, mkwe."

"Daktari amekataza lisifunguliwe."

"Na kukaa kitini amekukataza? Siku hizi unakalia goti?"

Walicheka wote. Mimi nikaguna kama mgonjwa wa kweli.

Mara akaingia dresa wa bomani, mfunga vidonda, aliyekuja kwa baiskeli ya serikali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Goti linaendelea vizuri, wewe nenda tu."

"Goti gani? Lala kifudifudi nibadilishe dawa."

Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena. Akaniuliza kama na jicho nalo linauma. Wakati huo mkwe alikuwa ameshaifungua bendeji yote, na wanawake wakainama kulitazama goti langu, ambalo halikuwa hata na alama ya kuumwa na mbu.