Mwaka Tulioburuta Mkia kwa Makusudi

Mwanangu wa pili anaishi Kanada, na huko ameambukizwa ushabiki wa hoki, mchezo wa kukimbizana na vijiti juu ya barafu. Kila akinipigia simu, kabla hajauliza habari za goti langu, ananieleza jinsi timu yake ilivyofungwa. Siku moja nikamshauri aiache, kama mtu anavyoacha kiatu kinachobana. Akacheka. Akasema timu yake inashindwa kwa akili: kule, anayemaliza chini ndiye anayetangulizwa kuchagua vijana wapya. Wanafungwa leo ili wajenge kesho.

Simu ilipokatika nilikuwa na wazo, na kwa umri wangu wazo ni kitu cha hatari.

Hapa Rumonge, kila vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, mitaa hushindana kwa mpira kwenye mchanga wa ziwa. Wanafunzi wanaorudi kutoka shule za bweni hugawanywa na makocha, na desturi ni kwamba timu iliyoburuta mkia mara iliyopita huchagua kwanza, isije ikaona haya kurudi uwanjani. Mimi nilikuwa kocha wa mtaa wetu. Tulikuwa timu ya katikati, hatuchekwi wala hatusifiwi. Na nilijua kwamba vakansi iliyofuata kijana mmoja wa Kabonga, mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, angefikisha umri wa kuchaguliwa.

Basi nikawaagiza wachezaji tufungwe mechi zilizobaki, na siri ibaki kwetu. Wengine walicheka wakakubali. Kipa hakucheka. Alikuwa mkamuaji wa mawese, mikono yake ilitereza mwaka mzima, lakini mpira haukumponyoka.

"Sasa mimi nifanye nini, muzee? Nifungue mikono?"

Nikamwambia asiruke sana.

Akasimama golini kama nguzo. Watu wa mtaa wakanong'ona kwamba amekula rushwa. Mama yake aliondoka uwanjani kabla mechi haijaisha. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilitazama ziwa.

Tukawa wa mwisho, tena kwa ustadi mkubwa. Vakansi iliyofuata nikamchagua yule kijana wa Kabonga, nikarudi nyumbani nikitembea kama gavana. Mke wangu akauliza kipa yuko wapi. Kipa alikuwa amehamia timu ya wavuvi.

Mechi ya kwanza kijana alifunga mabao mazuri, na sisi tukafungwa mengi zaidi. Wapinzani walipokuja mbio na mpira, beki wangu aligeuka kunitazama.

"Muzee, huu tunauzuia ao tunauacha?"

Hakuwa anatania. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Jioni nikampigia mwanangu, nikamuuliza kama timu yake imeshajengeka.

"Bado, baba," akasema. "Lakini mwaka huu pia tumechagua vizuri."

Mke wangu, aliyekuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, alisema hajawahi kuona ndagala akiingia wavuni kwa makusudi ili watoto wake wawe mikeke, wale samaki wakubwa. Usiku mzima niliifikiria ile minong'ono, jinsi ilivyomfuata yule kipa hadi sokoni.

Asubuhi nikaenda kwenye kinu cha mawese. Watu walikuwa wamejaa, mashine inanguruma. Nikamsogelea kipa, nikamwambia nimekuja kukiri kwamba ni mimi niliyemwamuru.

"Sema kwa nguvu, muzee. Hapa iko kelele."

Nikasema kwa nguvu. Mwenye kuendesha mashine akaizima ili asikie, ikabidi nirudie mara ya tatu katika kimya kabisa: hakula rushwa, alimtii mzee mjinga. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mawese akaweka kidumu chake chini, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

Kipa alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akauliza ni nani anayelinda goli letu siku hizi. Nikamtajia.

"Huyo?" akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Huyo anaruka sana."